Nduthi ya magurudumu matatu Kisumu: rangi inang'aa, lakini nani amesaini hiyo weldi?

Wasee wa Kisumu, leo tuweke siasa kando tuongee kuhusu kitu kinachopita mbele ya nyumba yako kila siku na hakuna mheshimiwa anakitaja. Ile nduthi iliyokatwa nyuma, ikawekwa ekseli na magurudumu mawili, juu yake boksi la chuma, halafu ikapigwa rangi ya bluu inayong'aa na maandishi ya kumshukuru Mungu. Unaiona Kibuye ikishusha viazi. Unaiona Nyalenda imebeba mitungi ya maji. Unaiona Dunga asubuhi ikingoja samaki. Huenda ni yako, ama ni ya bro yako, na bado analipa loan yake kila wiki.

Kuna zile zilitoka kiwandani tayari zikiwa na magurudumu matatu. Hizo tutazigusa tu kwa kulinganisha. Stori ya leo ni ya ile ilizaliwa na mawili, fundi akaiongezea la tatu. Na maswali ni rahisi kuuliza, ngumu kujibu: hiyo kazi ilifanywa poa? Wewe mwenye doo utajuaje? Na ikivunjika katikati ya barabara ikiwa na mzigo, nani anaitwa kujibu?

Watu wengi wana jibu tayari: jua kali ni kubahatisha, ulitarajia nini? Mimi hapo nakataa. Mafundi wa hapa wanarudisha barabarani matrela ya miwa ambayo wewe na mimi tungeuza kama skrepu. Wanatengeneza posho mill, injini za boti, milango ya benki. Ujuzi uko, wasee. Kitu hakiko ni mwenye kazi. Ukifuatilia hiyo nduthi yako ya matatu, utakuta mmoja alikata na kuchomelea fremu, mwingine akaleta ekseli ya mtumba, wa tatu akavuta nyaya za taa, wa nne akapaka rangi. Wanne wamekula doo yako, na hakuna hata mmoja anaweza kusema hii mashini nzima ni yangu, ikiwa na shida nitafute. Hapo ndipo ubora unapotelea. Mikono ya hao wanne inaweza kuwa fiti kabisa na bado upate mashini mbovu.

Kwa nini kuongeza gurudumu moja si jambo dogo

Tuanze na kile ambacho wengi hawaambiwi. Nduthi ya magurudumu mawili inalala ikikata kona. Wewe mwenyewe unalala nayo, abiria analala nayo. Kwa sababu inalala, nguvu ya kona inashuka moja kwa moja kupitia fremu hadi chini kwa tairi. Fremu haisukumwi pembeni sana. Mainjinia waliichora hivyo, bomba zikawa nyembamba kiasi, na mambo yakawa sawa.

Sasa weka magurudumu mawili nyuma. Mashini haiwezi kulala tena. Ukikata kona, mzigo wote unataka kuendelea mbele na nje, na ile fremu nyembamba inasukumwa pembeni, kitu haikuumbwa kufanya. Mahali ambapo ule mkono wa chuma wa nyuma ulikuwa umeshikwa na bolti na bushi, pale sasa panabeba msukumo wa pembeni kila kona, kila shimo, siku nzima. Bushi inalegea kwanza. Halafu bolti inapanua tundu lake. Halafu ufa unaanza kando ya weldi. Si katikati ya weldi, ni kando yake, pale chuma kilipashwa moto kikabadilika. Huo ufa unaweza kukaa miezi ukijificha chini ya rangi.

Hata usukani unabadilika. Dereva wa nduthi ya kawaida, bila kujua, anasukuma hendeli upande wa kushoto ndipo alale na kukata kushoto. Kwa magurudumu matatu hiyo haifanyi kazi, lazima ugeuze kama baiskeli ya mtoto. Na kwa sababu foki ya mbele imebaki kwa pembe ile ile ya kiwanda, usukani unakuwa mzito, mabega yanauma jioni. Huko Marekani na Kanada, kampuni zinazobadilisha pikipiki kubwa kuwa za matatu huuza hata vifaa vya kubadilisha pembe ya foki ili usukani uwe mwepesi. Huku fundi anakwambia utazoea. Kusema ukweli, wengi wanazoea. Lakini dereva aliyechoka mabega ndiye atachelewa kukwepa mtoto jioni.

Halafu kuna mambo ya difu. Gari na tuktuk zina difu kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje linatembea mbali kuliko la ndani. Ukiweka ekseli moja ya chuma kizima, na sproketi ikichomelewa katikati, magurudumu yote mawili yanalazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye matope ya Ahero hutagundua, tairi inateleza tu. Kwenye lami kavu, mashini inakataa kugeuka, inasukuma mbele, tairi zinalia na cheni inateseka. Kuna mafundi wanakwepa kwa kuendesha gurudumu moja tu na lingine linabaki huru. Kwa mzigo mdogo si wazo baya. Kuna wengine wanatoa difu ya tuktuk iliyokufa na kuipanga vizuri na springi za majani. Huyo wa mwisho ndiye unamtafuta, na ndiye bei yake itakufanya ukune kichwa.

Hebu tupige hesabu ya darasa la tatu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, na mtungi wenyewe hatuhesabu. Mitungi 20 ni kilo 400. Nduthi ya 150 cc ina nguvu farasi kama 12, na ilichorwa kubeba dereva, abiria mmoja na kamzigo. Umeipatia zaidi ya mara mbili, na breki ni zile zile za kiwandani.

Mteremko hauna huruma

Breki ndiyo kitu cha kwanza kukatwa bajeti. Nimesikia haya mazungumzo mara nyingi mpaka naweza kuyaigiza.

"Omera, hiyo breki ya pili tutaweka month end."

"Sawa, omera. Lakini usibebe mzito mpaka tuweke."

Kesho yake imebeba magunia manne. Month end inakuja na school fees.

Tazama vile mambo yanaenda. Rangi haikatwi, kwa sababu rangi inaonekana. Mziki haukatwi. Taa za kumetameta hazikatwi. Kinachokatwa ni breki ya gurudumu la pili, bamba la kukaza kona ya fremu, bolti ngumu ikabadilishwa na ya kawaida. Na mara nyingi anayekata ni mteja. Fundi analaumiwa kwa mashini ambayo mwenyewe ulimwambia aharakishe na apunguze.

Breki za kamba zina shida yao. Kamba mbili hazinyooki sawa. Moja ikilegea zaidi, ukikanyaga, gurudumu moja linashika na lingine linaendelea, na mashini yote inavutwa upande mmoja. Ukiwa Kondele kwenye msongamano unaenda polepole, utaona tu kama imetikisika. Sasa toka Kiboswa ushuke Riat ukija Mamboleo ukiwa na mchanga. Huo mteremko unajulikana. Agosti 2025, basi lililobeba waombolezaji lilipinduka pale roundabout ya Coptic na likaua watu zaidi ya 20. Hilo lilikuwa basi, si trisaiko, na silitaji ili kulinganisha sababu. Nalitaja kwa sababu barabara ni ile ile, na fundi yeyote wa Kisumu anayechomelea ekseli anajua kwamba mteja wake atashuka pale siku moja.

Breki za mafuta zinasukuma pande zote sawa, ndiyo maana tuktuk za kiwandani zinazo. Zinaweza kuhamishwa kutoka tuktuk iliyoharibika, na kazi yake si uchawi. Ni doo na subira.

Kuna pia ile tabia ya magurudumu matatu yenyewe. Moja mbele, mawili nyuma, ni kama stuli ya miguu mitatu: imekaa fiti mpaka uegemee kati ya miguu miwili. Ukifunga breki huku unakata kona, uzito unakimbilia mbele na pembeni, pale ambapo hakuna mguu. Wamarekani walijifunza hiyo kwa uchungu. Zile mashini zao za kuchezea porini za magurudumu matatu ziliumiza na kuua watu wengi, hasa vijana, mpaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuziuza. Zao zilikuwa nyepesi na za kuruka milima, sawa, lakini hesabu ya uzito ni ile ile. Kwa hivyo fundi anayejua kazi ataweka boksi chini kabisa na mzigo ukae karibu na juu ya ekseli. Ukiona boksi limeinuliwa juu ndiyo "ikae kama lori", mwambie ashushe.

Wale ambao hawawezi kuruka

Hii sehemu ndiyo inanifanya nikasirike, kwa hivyo nivumilieni.

Magurudumu matatu si kitu kipya upande huu wa ziwa. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ndiko boda boda ilipata jina, baiskeli zikivusha watu na mizigo kati ya mpaka na mpaka. Na hapo hapo Busia, watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao walioguswa na polio wakiwa wadogo, walijijengea biashara ya kuvusha bidhaa kwa trisaiko za kuzungusha kwa mikono. Mafundi wa chuma ndio walikuwa wanaziunda na kuzirekebisha ili zibebe mzigo. Watu waliochukuliwa kuwa wa kuomba wakawa ndio wanalisha nyumba. Kwa hivyo mtu asikuambie kubadilisha chombo ni ujinga wa masikini. Ni njia ya mtu kusimama mwenyewe.

Leo mtu huyo huyo, Kisumu ama Homa Bay ama Siaya, anataka yenye injini. Nduthi ya mawili haimfai, hawezi kuweka mguu chini. Tuktuk ya kiwandani ina pedali ya breki ya mguu na bei yake ni ya juu. Anaenda kwa fundi: niwekee magurudumu mawili nyuma, breki zote kwa mkono, gia kwa mkono. Hiyo ni kazi ya heshima, na ni ngumu kuliko ya boksi la maji. Mtu mwenye miguu yake akiona breki imekataa, anaruka. Yeye haruki. Kila mahali fundi anabana, anambania yeye.

Na bado utakuta kazi yake imefanywa kama ya wengine, breki ya mkono moja ikivuta kamba mbili zisizo sawa, kiti kimechomelewa kwa nukta nne. Fundi mkubwa wa hapa, kama uko na mmoja unayemwamini, mpelekee mteja wa aina hii, na usimruhusu akubali bei ya haraka.

Vile wengine walipanga

Nimetaja Marekani na Kanada, nieleze kidogo. Huko kubadilisha pikipiki kuwa ya matatu ni biashara ya wazee wenye pikipiki kubwa ambao magoti yamechoka. Kampuni ya Lehman Trikes ilianza Kanada mwaka 1985, baadaye ikahamia Marekani, na kazi yake ikakubalika mpaka Harley-Davidson wenyewe wakafanya nayo kazi kwa Tri Glide, iliyotoka kama modeli ya 2009. Mfumo wao uko hivi: kampuni moja inachora na kutengeneza vifaa vyote, ekseli, difu, breki, bodi. Halafu fundi aliyefunzwa na hiyo kampuni anafunga. Ikivunjika, karatasi inaonyesha nani alitengeneza na nani alifunga.

Usidhani huko ni mbinguni. Mafundi wabovu wapo, wanaofunga bolti bila kipimo na kupanga magurudumu kwa macho. Tofauti ni kwamba mteja ana jina la kuanzia. Huku unaanza na "yule jamaa alikuwa hapa karibu na mti, siku hizi amehama".

Sheria iko, imekaa upande wa dereva

Sikiliza mjadala wowote wa boda Kenya. Helmeti. Reflekta. Leseni. Abiria mmoja, kama Sheria ya Trafiki inavyosema tangu 2012. Mswada wa usafiri wa pikipiki wa 2023, ule wa Seneta Boni Khalwale, ulikuja na bodi za kaunti na usajili wa wenye boda. Kila mtu anamwangalia dereva. Mwenye grainda hakuna anayemwangalia.

Kwa matatu kuna KS 372, kiwango cha KEBS cha kuunda bodi za magari ya abiria: viti vishikwe vipi, paa lihimili nini. Walalamishi walikuwa wengi, lakini angalau mtengenezaji bodi anajua atapimwa kwa nini. Hicho kiliandikwa kwa ajili ya mabasi na matatu. Msee wa kukata Boxer Manyatta hakiongei naye.

Sheria ya Trafiki pia inataka chombo kikiwa barabarani kiwe katika hali salama, na mabadiliko makubwa yafike kwenye rekodi za usajili. Sasa fungua logibuku ya hiyo nduthi ya matatu. Mara nyingi bado inasema pikipiki. Karao akitaka kitu kidogo, hapo amepata sababu ya mwaka mzima. Na siku ya ajali, kampuni ya bima itauliza swali moja tu: hiki ndicho chombo tulichokiwekea bima? Ulilipia nduthi, umegonga na kitu kingine. Utazungushwa mpaka uchoke.

NTSA ilipoleta rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari mwaka 2025, kelele ilikuwa ya wenye magari ya kibinafsi, kwamba gari likizidi miaka minne tangu litengenezwe lipelekwe kukaguliwa. Hoja zao nazielewa. Lakini nchi iliyohesabu watu zaidi ya 4,700 waliokufa barabarani mwaka 2024 ingeweza kutenga siku moja kwa wiki, hapa Kisumu, ya kukagua vyombo vilivyobadilishwa bila kutishia kuvikamata. Tia mkazo hapo kwa kukamata. Dereva akijua akipeleka itashikwa, hatapeleka, atapita njia za ndani na ufa wake. Akijua ataambiwa "kaza hapa, ongeza breki hapa, rudi wiki ijayo", ataenda. Na fundi wake ataanza kuchomelea akijua kuna jicho lingine litaona.

Upande wa mafundi, mlango uko nusu wazi. NITA inafanya trade test, Grade III mpaka I, na kuna ule mpango wa RPL wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kukaa darasani. Fundi wa miaka 15 kwa kuchomelea anaweza kupata karatasi. Wengi hawaendi kwa sababu siku ya mtihani ni siku bila kula, na kwa sababu hakuna mteja amewahi kuwauliza hiyo karatasi. Hapo lawama ni yetu. Tunauliza bei, tunauliza lini, basi.

Sasa wewe mwenye doo

Kitu cha kwanza: njoo kabla ya rangi. Kama hutakumbuka kingine, kumbuka hiyo. Panga na fundi, kwa bei ile ile, kwamba utaona chuma kikiwa uchi. Weldi nzuri imelala na kushikana pande zote mbili, mistari yake inafanana, haina mashimo ya pini. Weldi mbaya imekaa juu ya chuma kama ubani uliotemwa, ama imechimba kando yake mfereji, ishara kwamba moto ulizidi na bomba limebaki jembamba. Gonga ule uchafu mweusi utoke uone chini yake. Ukiambiwa mpaka rangi ikauke ndiyo uje, jua kuna kitu kinafichwa, ama fundi hana imani na mkono wake. Yote mawili ni mabaya.

Angalia kona. Bomba lililounganishwa na bomba bila kibamba cha pembetatu cha kukaza litachoka haraka. Angalia ncha za bomba: zikiachwa wazi, maji yanaingia na kutu inakula kutoka ndani. Kama utabeba samaki, hii ni muhimu mara mbili. Barafu inayeyuka siku nzima, maji ya samaki yanadondoka pale pale kwenye ekseli na weldi za chini. Mwambie fundi afunge ncha na apeleke mfereji wa maji nyuma ya magurudumu.

Pima. Hii haitaki injinia, inataka kamba. Toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka gurudumu la nyuma la kushoto, halafu la kulia. Tofauti ikiwa zaidi ya upana wa kidole, mashini itatembea kama kaa na tairi zako zitaisha kabla ya Krismasi.

Uliza difu ama gurudumu moja la kuendesha, na usikubali ekseli ya kipande kimoja kama kazi yako ni ya lami. Uliza breki kwa magurudumu yote matatu, na zile za nyuma zishike pamoja. Kama bajeti haifiki, kata taa za kumetameta. Na kama nduthi yenyewe ni ya 100 cc na unataka kubeba maji, acha kabisa. Tafuta ya kiwandani iliyotumika, hata kama rangi imechubuka. Hapo sitakupamba.

Halafu karatasi. Chagua mmoja kati ya wale wanne awe mwenye kazi, hata ukimwongezea kitu, awalipe wengine yeye. Aandike jina lake, alichofanya, uzito aliokubali mashini ibebe, na muda atakaorekebisha bure ikilegea. Lipa kwa simu, si mkononi. Katiba, kifungu cha 46, inakupa haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia ukiumizwa na kazi mbovu, na mahakama ya madai madogo inasikiliza kesi za mpaka shilingi 1,000,000, ikitakiwa kuamua ndani ya siku 60, bila kukaza sana kanuni za ushahidi. Meseji ya malipo na hicho kikaratasi vina uzito pale. Fundi mzuri hataogopa kuandika, kwa sababu uzito aliouandika unamlinda yeye pia: akisema kilo 250 na wewe ukabeba 500, hiyo ni juu yako.

Siku ya kuchukua, usilipe salio kwa kuizungusha tu mbele ya kibanda. Pakia nusu ya mzigo wako wa kawaida, fundi apande na wewe, mtafute mteremko mdogo usio na magari. Funga breki mara tano ukiwa mwendo wa kutembea, halafu mara tano kwa kasi zaidi. Ikivuta upande, rudini kibandani. Ikisimama nyoofu, kagua bolti zote mkiwa pamoja, rudia baada ya kilomita 100, na kila wiki baada ya hapo, ukiwa na tochi, upande wa chini ambao rangi haifiki.